Jinsi Nilivyozoea Kuvuta Tela Mbili kati ya Tororo na Mbarara

Kwa miaka kumi na moja nilivuta tela moja huku Uganda, semi ya ekseli tatu (ekseli ni ule mhimili unaobeba tairi), ambayo mbele yake hulala juu ya kichwa, lile gari lenye injini, na siku tajiri, mwenye gari, aliponiambia kwamba amenunua intalinki, kichwa kimoja chenye tela mbili, na mimi ndiye nitakayeishika, madereva wenzangu pale mpakani Malaba walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mmoja alisema tela mbili ni tamaa ya matajiri tu, mzigo ni uleule na kinachoongezeka ni tairi za kupasuka. Mwingine, mtu mzima ninayemheshimu, alinishauri nimsihi tajiri aiuze na kununua tela moja iliyo ndefu zaidi. Ushauri ule unanikera hadi leo, kwa sababu ulitoka kwa watu waliozeekea barabarani bila kushika kalamu hata mara moja wakapiga hesabu ya ekseli zao.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ile ya mwaka 2013, haiishii kwenye uzito wa jumla, bali hupima kila kundi la ekseli peke yake: ekseli ya usukani tani 8, ekseli mbili zilizokaa pamoja zenye tairi nne kila moja tani 18, na ekseli tatu zilizokaa pamoja tani 24. Semi yangu ya zamani, kichwa na tela, iliruhusiwa 8 na 18 na 24, yaani tani 50. Intalinki ina kichwa cha ekseli tatu, tela fupi ya mbele yenye ekseli mbili, na tela ndefu ya nyuma yenye ekseli mbili. Ukijumlisha unapata tani 62, lakini sheria inakata kwenye tani 56 kwa gari lolote. Watu huishia hapo, wakaona kwamba faida ni tani sita, na ukitoa uzito wa chuma cha tela ya pili zinabaki mbili au tatu, kisha wakacheka. Mimi niliziona zile tani sita nyingine, zilizo kati ya 56 na 62. Hizo ndizo nafasi ya kupumua, kwa maana kwamba mzigo ukikaa vibaya kidogo hapa au pale, hakuna kundi la ekseli litakalozidi.

Aliyewahi kulala kwenye mizani, pale malori yanapopimwa uzito barabarani, ataelewa kwa nini nafasi hiyo naithamini. Nikiwa bado na semi, niliwahi kupakia mifuko 660 ya saruji, tani 33, na uzito wa jumla ulikuwa halali kabisa, lakini wapakiaji waliilundika mifuko mbele, juu ya kingpini, ile pini inayoishika tela kwenye kichwa, na ekseli za nyuma za kichwa zikaonyesha tani 19 na kitu. Hakuna aliyetaka kusikia habari ya jumla. Mimi na tanboi wangu, msaidizi wangu wa safari, tulihamisha mifuko kwa mabega kutoka mbele ya tela kwenda nyuma, mmoja mmoja, vumbi la saruji likituingia machoni, tangu saa tatu usiku hadi karibu na adhana ya alfajiri, na mifuko minne ikapasuka mikononi mwetu nikailipa mimi. Tangu nishike intalinki sijahamisha mfuko hata mmoja kwenye mizani.

Kuhusu ile tela moja ndefu niliyoshauriwa, nina jibu fupi. Gari letu lote lina urefu wa kama mita 22. Urefu huo ukiwa kipande kimoja nyuma ya kichwa, tairi za mwisho zitakata kona hadi zipande juu ya mtaro, tena huku barabarani kwetu ambako kando ya mtaro kuna mama anauza ndizi. Ukiukata vipande viwili na kuuwekea kiungo katikati, tela ya nyuma inafuata kwa karibu nyayo za ile ya mbele. Hata Marekani, sheria yao ya mwaka 1982 ilizifungulia tela mbili za futi 28 kila moja barabara kuu za majimbo yote, na kule Australia misafara ya tela tatu inafikia mita 53.5.

Kwenda mbele, basi, hakukunisumbua. Nilivuka msitu wa Mabira safari ya kwanza nikashangaa jinsi tela ya nyuma ilivyotulia, mradi usukani usiushtue, kwa kuwa mtikisiko mdogo wa kichwa hufika mkiani ukiwa mkubwa. Kazi ilikuwa kurudi nyuma.

Mteja wetu mkubwa ana stoo ya vifaa vya ujenzi mjini Masaka, yenye geti la upana wa mita nne hivi, kwenye mtaa ambao magari mawili madogo hupishana kwa adabu. Siku ya kwanza nilifika saa moja asubuhi, nikiwa na uhakika wa miaka kumi na moja mikononi. Kwenye semi, ukitaka mkia uende kushoto unazungusha usukani kulia, na mikono yangu haikuhitaji kufikiri. Nikazungusha kulia. Mkia wa nyuma ukaenda kulia. Nikaongeza, nikidhani haujasikia, na hapo tela ya mbele ikaanza kujikunja upesi kuliko nilivyowahi kuona, kona yake ikaja hadi nikaiona kwenye kioo imejaa, upana wa kiganja kutoka ubavuni mwa kichwa. Tanboi alikuwa akipiga bati la tela kwa mikono miwili, "Mzee, simama! Simama!" lakini mpira mwekundu unaopeleka upepo wa breki kwenye tela ulikuwa umekwisha kuvutika ukakatika kwenye shingo, ukapiga mluzi mrefu, na breki zote za tela zikajifunga kama zilivyoundwa kufanya upepo unapokatika. Gari likabaki limekunjwa kama kisu cha kukunja, limeziba mtaa mzima. Bodaboda zilijaa pande zote mbili. Tanboi alikwenda Nyendo, kitongoji cha Masaka, kutafuta mpira mwingine, akarudi baada ya saa mbili na nusu, na kati ya mpira, fundi na kuwatuliza waliochelewa, ziliniondoka kama shilingi laki tatu za Uganda. Mwenye stoo, mzee mpole sana, alinisogezea kiti na kikombe cha chai, akaniambia, "Ssebo (yaani bwana), tulia, saruji haiozi." Sitausahau wema ule.

Siku ileile nikabuni njia ambayo ilinivusha miezi mitatu, nami naieleza kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Niliiacha tela ya nyuma kwenye kiwanja kigumu pale Nyendo, nikasogea na ile ya mbele nikaiacha nayo pembeni, kisha nikarudi na kichwa kitupu nikaingia chini ya tela ya nyuma moja kwa moja. Kwa hiyo nikawa na semi ya kawaida, na semi naijua. Niliirudisha ndani ya geti kwa mkupuo mmoja, nikaifungua humo ndani, nikaenda kuichukua ile ya mbele. Mchezo mzima ulikula saa moja na nusu, na mwenye kiwanja alitaka elfu kumi au kumi na tano kutegemea alivyoamka. Lakini kila unapoiacha tela weka mbao nene chini ya miguu yake. Mara moja sikuweka, mvua ikanyesha usiku, miguu ikazama, na asubuhi kingpini ilikuwa chini kuliko sahani ya kichwa inakoingia. Tuliinyanyua kwa jeki mbili za kuazima, tukimaliza saa nne tumeloa jasho na tope.

Katika mchezo huo ndipo nilipoiona faida ambayo hakuna mtu wa Malaba aliyenitajia. Tela ya nyuma ilibaki ndani ya stoo na mifuko 480 ikishushwa taratibu, wakati mimi ninaendelea Mbarara na tela ya mbele yenye mifuko 240. Kichwa, ambacho ndicho chenye gharama, hakikusimama kusubiri wabebaji. Kuna mfanyabiashara wa kahawa jirani na stoo ile; tulikubaliana kwamba tela ikishakuwa tupu aanze kupanga magunia yake ndani yake, ili nikirudi kesho yake nikute mzigo wa Kampala uko tayari. Nilimwekea sharti moja tu: magunia mia moja na zaidi yanisubiri chini niyapakie tela ya mbele, kwa kuwa sivuti tela nzito nyuma ya tela tupu. Kwa sababu hiyohiyo, popote penye vituo viwili, mzigo wa kituo cha kwanza mimi hupakia tela ya nyuma.

Hata hivyo saa moja na nusu kila safari ilinichoma, na jibu nililipata nyumbani Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala. Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa ametengeneza lori la dumu la mafuta ya kula, magurudumu kakata kwenye kandambili kuukuu, na baada ya kuliona gari langu aliongeza madumu mawili nyuma, yakishikana kwa misumari iliyopinda. Nililiomba, nikaliweka juu ya meza, nikalisukuma kinyumenyume kwa vidole viwili. Hapo nikaona kwa macho kitu ambacho kule juu ya kiti sikuweza kukiona: tela ya mbele ndiyo usukani wa tela ya nyuma. Nikikipinda kichwa kushoto, mkia wa tela ya mbele ulikwenda kulia, ukausukuma mwanzo wa tela ya nyuma kulia, na mkia wa mwisho ukaja kushoto. Kumbe kwa tela mbili unaanza kwa kuzungusha usukani upande uleule unakotaka mkia uende, kama gari dogo, kisha mara tu mkia unapoitika unaugeuza usukani kinyume ili kuifuata tela ya mbele kabla haijakunjika. Nililisukuma dumu lile jioni nzima, na mpwa wangu akinisahihisha kila nilipochelewa.

Kisha nikaomba nafasi kwenye yadi moja Namanve, Jumapili tatu mfululizo. Tulijaza mchanga kwenye majerikeni manne yakawa nguzo za geti. Jumapili ya kwanza sikukata kona hata moja, nilirudi nyuma kwa kunyooka tu, mita ishirini, tena na tena, na kila tela ya mbele ilipoanza kujaa kwenye kioo nilisimama, nikavuta mbele hadi vipande vyote vitatu vikanyooka, nikaanza upya. Kuna dereva alikuja kunitazama akasema kuvuta mbele ni aibu, eti fundi huingia kwa mara moja. Sikumjibu. Jumapili ya pili niliangusha majerikeni yote. Ya tatu niliangusha moja. Nilijifunza pia kulifikia geti likiwa upande wangu wa kulia, kwa sababu huko ndiko ninakokaa, na mkia unaokunja kulia nauona kwa macho yangu bila kuutegemea mdomo wa tanboi.

Katika mwezi wangu wa nne na intalinki nikarudi Masaka na mifuko 720. Nilipita geti, nikasimama, nikanyoosha gari lote, nikamwambia tanboi azuie bodaboda upande wa chini. Nilizungusha kulia, mkia ukaitika, nikaugeuza usukani kushoto. Nilivuta mbele mara mbili na sikuona haya. Tela ya nyuma ikaingia kati ya nguzo, nafasi ndogo huku na ndogo kule, na mwenye stoo alitoka akasimama mlangoni na kalamu yake sikioni bila kusema neno hadi niliposikia breki zinapumua. Tanboi akaweka mbao, akateremsha miguu, akatoa mipira, akavuta pini. Saa tatu kasoro robo nilikuwa tayari kwenye barabara ya Mbarara na tela ya mbele, na nyuma yangu wabebaji walikuwa wamekwisha kushusha mifuko ya kwanza.