Picha Yako Inajua Ulipo

Simu nyingi zikipiga picha huandika ndani ya faili saa, aina ya simu na, ruhusa ya mahali ikiwa imewashwa, latitudo na longitudo, yaani namba zinazoonyesha mahali picha ilipopigwa. Kwa GPS nzuri, hizo zinamfikisha mtu karibu na mlango wako, si mtaani tu.

Kuzuia hilo kwenye simu za Android, fungua mipangilio, programu, kamera, ruhusa, kisha mahali, kataa. Picha za zamani hazisafiki kwa hatua hiyo. WhatsApp huondoa taarifa hizo ukituma picha kwa njia ya kawaida, ila ukiituma kama hati ili ubora usipungue, faili huenda nzima na kila kilichomo. Wengi hunaswa hapa. Njia ya mkato: piga picha ya skrini, kata kingo, tuma hiyo. Ubora utashuka kidogo, sawa tu.