Rudisheni kichwa cha sangara mezani

Sisi tuliolelewa Walukuba, hapa Jinja, Jumapili samaki tulimla kwa Shangazi, mwaloni Masese, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki. Baba zetu walikuja kufanya kazi viwandani kutoka kila upande, wengine ng'ambo ya mpaka wa Busia, na mtaani tulielewana kwa Kiswahili. Kwa Shangazi pia uliagiza kwa Kiswahili. Banda la mabati, mabenchi, sigiri za mkaa, basi. Menyu ilikuwa karai lenyewe: unachungulia, unaona kilicholetwa asubuhi, unachagua.

Mara nyingi karaini mlikuwa na vichwa na mgongo wazi, yaani mifupa iliyobaki baada ya minofu kukatwa. Minofu ya sangara ilikwenda Ulaya kwa ndege, viwanda vikatuachia mifupa. Lakini Shangazi alikuwa fundi wa vichwa! Alivikaanga kwanza, akavitia kwenye mchuzi wa nyanya, kitunguu na binzari, kisha ndimu mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Nyama tamu kuliko zote iko shavuni, na nyingine nyuma ya jicho. Posho ya moto, yaani ugali, kichwa kimoja, watu wawili mnashiba.

Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya wavuvi waliodaiwa kutumia sumu, na ghafla mnofu ukawa wetu. Nakumbuka vipande vinene, vyeupe, mafuta yakitiririka hadi kwenye viwiko. Baba hakuvifurahia sana. Majirani zetu waliokata minofu kiwandani walikuwa wamekaa nyumbani, na hilo lilionekana kwenye mabenchi ya Shangazi, yaliyopungua watu.

Siku hizi sangara mzima ni nadra pale. Bondo lake, lile linalomsaidia kuelea majini, linatafutwa sana huko China, kwa hiyo sangara mkubwa ameshapata mnunuzi kabla hajafika jikoni. Wale sato wadogo tuliopewa watoto nao hawapo. Mwaka 2017 wanajeshi walianza kusimamia uvuvi, na sato asiyefika inchi 11 haruhusiwi kuvuliwa. Sheria hiyo naiunga mkono, ingawa najua familia za mwaloni zilizoumia ilipoanza kutekelezwa. Samaki aachwe azae kwanza.

Halafu ziwa likapanda. Mei 2020 kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kupita hata kile cha 1964, na banda likaingia majini. Shangazi alikuwa ameshapumzika kwa sababu ya magoti. Binti yake ndiye aliyejenga upya, juu zaidi, sakafu ya vigae, meza za plastiki, televisheni, na bomba la kunawia lenye sabuni wakati wote. Kazi kubwa, ya kujivunia.

Sato wake wengi sasa ni wa vizimba, wale wanaofugwa humu humu ziwani ng'ambo kidogo ya mwalo. Kinachonipendeza ni kwamba hafichi. "Kaka, wa kizimba au wa ziwani?" anauliza kabla hujakaa, na bei zake ni tofauti. Mimi nasema hivi: wa kizimba ni mnono na laini, mkaange mzima, mchanje mbavuni, chumvi na ndimu, hana kasoro. Kwenye mchuzi anavurugika. Mchuzi unamtaka wa ziwani, aliyekaza nyama kwa kuogelea.

Ila vichwa vimeondolewa kwenye menyu. Binti wa Shangazi anasema wageni wa Kampala wanaokuja kuona chanzo cha Nile hawapendi samaki anayewatazama. Wanataka chipsi na kipande kisicho na mifupa. Namwelewa, ana mkopo wa kulipa. Lakini viwanda bado vinatoa vichwa kila siku, na bado ndicho chakula cha samaki ambacho mpakia mizigo wa mwaloni anaweza kukimudu. Akiondoka yule, pale patakuwa mahali pa wageni tu. Nimemwambia hivyo mbele ya mama yake, na mama yake akatikisa kichwa kukubali.

Tumefikia hapa: anapika sufuria moja, Ijumaa, kwa wanaoagiza. Ukienda, fika kabla ya saa saba mchana na umwambie mhudumu waziwazi kwamba unataka kichwa cha mchuzi, kwa posho. Tukiwa wengi wa kuagiza, ameahidi kukiandika tena kwenye menyu.