Kuna nini cha kulilia

"Futa tu uanze upya. Kwani humo ndani kuna nini cha kulilia?"

Nikamjibu shemeji, "Kuna kazi."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Alikuwa akiisema mashine pepe yangu, kompyuta ya kuigiza inayokaa ndani ya ile ya kweli. Ni hayo tu, na bado hayajanitoka. Juma lenyewe limekuwa zito, maana mdogo wangu amefaulu usaili wake wa mwisho na ofisini tumeletewa msimamizi mpya, lakini mimi nikipiga mswaki namsikia shemeji, nikizima taa namsikia shemeji. Kinachonichoma zaidi ni ile "sawa". Mtu akikubishia, angalau amekusikiliza.

Mngekuwapo mngenijibia, kwa sababu mnaijua ile mashine pepe: Windows 10 inayoishi ndani ya kompyuta yangu ya kazi, na ndani yake ile programu ya kupanga kurasa. Walioitengeneza walishafunga kampuni, na seva yao ya leseni ikazimwa. Nikiifuta sina pa kuisajili tena. Mwandishi wa zamani akirudi kutaka toleo la pili la kitabu chake, ni humo tu ninapolifungua faili nikakuta kila pambizo mahali pake. Hayo ndiyo ningemwambia. Nikasema "kuna kazi", kama vile kazi ni kitu kinachopatikana popote.

Wala sikuweza kuiacha ilivyo. Viraka vya usalama vya Windows 10 vilikoma kutolewa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ile inapokea mafaili ya wateja. Kwa hiyo nikaamua kuipandisha hadi Windows 11, humo humo ndani, bila kupoteza kitu.

Windows 11 ina masharti: chipu ya TPM 2.0 inayotunza funguo za siri, UEFI (programu inayoiamsha kompyuta) yenye uwezo wa Secure Boot, yaani kukagua kinachowashwa, kumbukumbu ya GB 4, prosesa yenye viini viwili au zaidi, diski isiyopungua GB 64. Mashine yangu ilizaliwa kwa BIOS, mtindo wa kuwasha uliotangulia UEFI, diski yake ya MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski, GB 50. Nilidhani TPM ndiyo ingenitoa jasho. Kumbe VirtualBox, programu inayoiendesha mashine pepe yangu, tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022, inakupa TPM ya kuigiza. Unaichagua kwenye mipangilio, basi. Kiini cha pili nacho ni kusogeza kitelezi.

Diski ndiyo iliyogoma. Niliipanua hadi GB 80, na orodha ya diski ikaonyesha 80. Nikaiwasha mashine: 50. Nikazima, nikahakikisha, nikawasha: 50. Na kila ilipoandika 50, shemeji alikuwa akiniuliza kuna nini cha kulilia.

Chanzo kilikuwa zile snapshoti, kumbukumbu za hali ya mashine za kuirudia mambo yakiharibika, ninazopiga kabla ya kila badiliko. Snapshoti haikopi diski nzima. Inaifungia diski ya chini isiguswe, kisha inafungua faili jipya juu yake la kupokea mabadiliko, na kila faili hubeba ukubwa wake lenyewe. Windows ilikuwa inaona tabaka la juu kabisa. Mimi nilikuwa nimepanua la chini. Ni mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine: panua wa chini utakavyo, aliyelala juu haongezewi hata shubiri.

Nilipoelewa hivyo nilisimama nikazunguka meza. Sijui niwaelezeeje raha ya kitu kilichokataa kwa siku nzima, kisha kikaonekana kilikuwa na sababu ya haki kabisa. Nikatengeneza kloni, yaani nakala, kamili ya hali ya sasa, bila snapshoti. Hapo matabaka yote yanayeyushwa kuwa diski moja. Nikahakikisha kloni inabaki na anwani zile zile za kadi ya mtandao, maana programu nyingi za zamani huitambua kompyuta yao kwa hiyo. Mashine ya asili ikabaki kando, haijaguswa. Nikapanua kloni. Nikawasha. GB 80!

Yaliyofuata yalikwenda kama maji. Chombo cha Windows kiitwacho mbr2gpt kikageuza diski kutoka MBR kwenda GPT, mpangilio unaohitajiwa na UEFI, bila kufuta faili, nikazima, nikahamisha mashine kwenye UEFI kabla ya kuiwasha tena, kisha nikaacha upandishaji ujiendee. Usiku nikaifungua programu. Leseni: halali. Nikafungua kitabu cha zamani kuliko vyote, ule mkusanyiko wa mashairi niliowahi kuwasimulia, na kila mshororo ulikuwa umekaa nilipouweka.

Sasa ile "sawa" nikiirudia naisikia vingine. Huenda alikuwa amekubali tu. Nilimwambia kuna kazi, naye akaona jibu limetosha. Shemeji hana tabia ya kudharau. Ndiye aliyekesha na sisi hospitalini mwaka ule.

Nikataka kumpigia nimweleze, nikaona saa zimekwenda, nikampigia mama ambaye hulala akichelewa. Alipokea akazungumza haraka haraka, akaniuliza swali lile lile mara mbili, kisha akampa dada simu kabla sijamjibu. Dada anasema ni uchovu. Juma lililopita pia alisema ni uchovu. Jumamosi nakwenda mwenyewe.