Jumatatu ya Bamvua

Mwaka 2012 Ramadhani ilituingilia Julai, upepo wa kusi ukivuma kweli kweli. Nilikuwa na miaka ishirini, nikisomea uhasibu katika chuo kimoja kidogo mjini Amu, yaani Lamu, na nikikaa kijiji cha jirani cha Shela kwa bibi yangu mzaa mama. Kipindi cha Jumatatu kilikuwa saa moja kamili asubuhi. Mwalimu alikuwa akiufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, na aliyebaki nje alibaki nje.

Saa hiyo haikuchaguliwa kwa kuwa ni njema kwa masomo. Mwalimu wetu alikuwa na kazi yake ya ofisini iliyoanza saa mbili, na chuo kilimpata kwa ile saa moja aliyobakiwa nayo. Hatukuambiwa hivyo wakati ule. Tuliambiwa kwamba mwanafunzi wa kweli huamka mapema, na sisi tukaamini.

Kutoka Shela hadi Amu ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu kando ya bahari, maji yakiwa yametoka. Yakijaa, njia hupotea mahali pengine, ukabaki na ukuta upande mmoja na mawimbi upande wa pili. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndiyo bamvua: hujaa sana, hupwa sana. Na kwa kuwa mfungo huanza kwa mwandamo, siku zake za kwanza huwa ni za bamvua, na kwetu siku mbili tatu baada ya mwandamo maji hujaa asubuhi, wakati ule ule wa kwenda shule. Mtoto wa Shela halifundishwi jambo hili, hulikuta. Nami nililijua vizuri, na bado usiku wa kuamkia Jumatatu ile nilikaa kama mtu asiye na safari.

Niueleze usiku wenyewe, maana ndio uliokuwa maisha yetu. Baada ya futari kulikuwa na isha, kisha tarawehe, na tarawehe ikiisha mji ndio kwanza unachangamka. Watoto walikuwa vichochoroni, wanawake wakipelekeana sahani za vitumbua na kaimati, muuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe. Vijana tulikuwa na mchezo wa keram barazani, chini ya taa ya duka. Nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu, cha mwisho kwenye saa tano na nusu. Siku hizi najua kwamba nusu ya nguvu ya kahawa huweza kuwa bado imo damuni saa tano baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba sina usingizi, na kwamba mwenye usingizi hashindi keram. Nililala saa saba na nusu. Saa kumi bibi alinitingisha bega kwa daku.

"Mwanangu, inuka ule. Wakati unakwenda."

Nilikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, macho yakiwa nusu wazi, nikanywa maji gilasi tatu. Nilikwenda msikitini, nikaswali alfajiri. Niliporudi niliona nafasi ndogo, dakika ishirini hivi, kabla ya kushika njia. Nikajilaza juu ya jamvi, si kitandani, kwa hoja kwamba jamvini mtu hapitiwi.

Nilipofumbua macho nilisikia kusi ikipiga makuti, na mwanga uliokuwa sakafuni haukuwa wa alfajiri. Saa ya simu ilisema saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nakumbuka nilikaa nikiitazama bila kuelewa tarakimu maana yake nini. Anayeamshwa katikati ya usingizi mzito hulewa kwa muda. Mikono ni yake, lakini haimtii. Nilivaa shati upande wa ndani nje, nikalivua, nikalivaa tena. Siku hiyo kulikuwa na jaribio la alama 30, na nilikuwa nimelisomea wiki nzima.

Gatini hapakuwa na mtu. Siku nyingine ningekuta boti, ningetoa shilingi mia zangu, ningefika. Lakini asubuhi ya Ramadhani Shela hulala. Manahodha wamekula daku, wameswali, wamelala. Hata punda walikuwa wamesimama kimya. Mji mzima ulikuwa umeipanga upya saa yake kwa mwezi ule, watu wakilala baada ya alfajiri na tena kailula baada ya adhuhuri, ila ratiba ya chuo chetu peke yake ndiyo iliyobaki vile vile.

Basi nikaenda kwa miguu. Mwanzoni nilikimbia kwenye mchanga mwembamba uliobaki. Kisha mchanga ukaisha. Nikavua viatu, nikaufunga mkoba juu ya kichwa kwa mkanda wake, nikaingia. Maji yalinifika magotini, kisha mapajani, na penye kona moja yakanifika kiunoni, na kila wimbi lililorudi kutoka ukutani lilinivuta. Nilikwenda nimefumba mdomo kwa nguvu. Nilikuwa nimefunga, na sikutaka bahari inifungulie. Sikuogopa kuzama, maana naijua ile njia. Nilichoogopa ni karatasi zangu za leja.

Nilifika mtaa wa Langoni, Amu, maji yakinichuruzika, wazee wawili waliokuwa wakirudi nyumbani wakanisalimu "Sabalkheri" bila kuuliza lolote, na nikawashukuru moyoni kwa kutouliza. Chuoni ilikuwa saa moja na dakika ishirini na tano. Mlango umefungwa. Niligonga. Mwalimu alifungua, akanitazama tangu juu hadi chini, akatazama lile dimbwi lililoanza kujikusanya miguuni mwangu, akaniashiria niketi. Siku ile alinihurumia, na sijawahi kulisahau hilo.

Swali la kwanza nililijibu. La pili lilikuwa la kugawa gharama baina ya idara tatu, nalo nililijua. Nilichora jedwali, nikaandika safu ya kwanza. Baada ya hapo sikumbuki. Nguo zilikuwa zimeanza kukauka mwilini, chumba kimetulia, na usingizi ukanijia kutoka chini kama yale maji. Niliamshwa na sauti ya viti vikisogezwa. Kwenye karatasi yangu kulikuwa na mstari mmoja wa wino uliotoka katikati ya safu ya pili ukashuka hadi ukingoni, kalamu ilipoteleza pamoja na mkono.

Mwalimu aliikusanya. Akasema mbele ya wote, bila kupaza sauti, "Uvivu ni ugonjwa, kijana. Na dawa yake unayo mwenyewe." Nilipata 11.

Neno lile lilinikaa. Lilinikaa kwa sababu lilikuwa limesemwa na mtu aliyekuwa ametoka kunihurumia, na kwa sababu nililiamini. Jioni, nikimsaidia bibi kukuna nazi, nilimwambia yote. Aliendelea kuchuja tui. Kisha akasema, "Wewe si mvivu. Mimi nilipokuwa mwari, mamangu alikuwa akinimwagia maji ya mtungi usoni ndiyo niamke. Leo nikitaka kulala hadi jua litoke, siwezi. Usingizi wenyewe umeniacha. Mtu mzima anasahau."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za saa iliyomo mwilini, ambayo mwaka 2017 iliwapatia Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi inavyoendeshwa ndani ya chembe hai, jambo walilolichunguza kwa nzi wadogo wa matunda. Nilisoma kwamba tangu balehe hadi miaka ya ishirini hivi saa hiyo husogea mbele: melatonini, homoni inayoutangazia mwili usiku, hutoka kwa kuchelewa kuliko kwa mtoto au kwa mzee. Kijana halali mapema hata akizimiwa taa, na asubuhi ya saa kumi na mbili mwilini mwake bado ni usiku. Ndiyo maana mwaka 2014 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu. Nilipokuwa nikisoma hayo nilimkumbuka bibi na tui lake. Nilitamani angekuwepo nimsomee.

Sisemi kwamba keram na kahawa havikuwa na kosa. Vilikuwa nalo. Ila mwenye miaka ishirini huhitaji usingizi wa saa saba hadi tisa, na hata ningeacha keram nikalala baada ya tarawehe, kwa daku ya saa kumi na kipindi cha saa moja hesabu isingetimia.

Siku ya pili baada ya jaribio lile, sita katika sisi tulimwendea mwalimu ofisini kwake. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Aliyesema ni dada mmoja wa Langoni, aliyekuwa akiketi mbele yangu na ambaye hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Alisema, "Mwalimu, hatukatai kusoma. Mimi huinuka saa nane usiku kupika daku ya watu tisa. Wakishakula naosha vyombo. Jana nimelala kwa muda wa saa mbili tu, na mtihani nimeufanya. Lakini ukiniuliza nilichokiandika, sikijui."

Niliona aibu pale, aibu ya namna nyingine. Muda wote nilikuwa nikijihesabu mimi ndiye niliyedhulumiwa usingizi, na mimi nilikuwa nikiamshwa chakula kimeshapakuliwa.

Mwalimu alikaa kimya. Kisha akasema, "Na mimi, wanangu, mnadhani nalala lini?" Hakusema kwa hasira. Alituambia kuhusu kazi yake, na kwamba saa ile moja ndiyo pekee aliyo nayo siku za wiki. Tukapendekeza alasiri, akina dada wakakataa, alasiri ni wakati wa kupika futari. Tukapendekeza baada ya adhuhuri. Yeye yuko kazini. Tukapendekeza baada ya tarawehe, na hapo hata sisi wenyewe tukacheka. Mwishowe ikawa Jumamosi, saa tatu asubuhi, mpaka mfungo uishe.

Jumamosi ya kwanza maji yalikuwa mafu, yale yasiyojaa sana wala kupwa sana, na njia ya Shela ilikuwa wazi yote. Nilikuwa nimelala tena baada ya alfajiri, usingizi wa saa mbili, bibi akaniamsha jua limeshapanda. Nilitembea polepole, viatu mguuni, karatasi kavu.

Darasani nilimkuta dada yule wa Langoni peke yake. Alikuwa amelala juu ya daftari, shavu limelalia mkono, vidole bado vina manjano ya bizari. Kusi iliingia dirishani ikapeperusha karatasi za meza ya mbele, na nikaenda kulifunga dirisha kwa utaratibu, bawaba isilie. Wengine wakaingia mmoja mmoja, wakimwona wakishusha sauti. Mwalimu alikuja saa tatu kasoro dakika mbili. Alimtazama, akatutazama sisi, akaweka mkoba wake chini, akachukua chaki na kuanza kuliandika jedwali la kugawa gharama ubaoni, kwa mkono mwepesi, bila kusema neno, hadi dada yule alipoinua kichwa mwenyewe.