Kumpa Mbwa au Paka Doksisaiklini Bila Kumdhuru

Anayefuga mbwa katika miji yetu ya mwambao ni nadra amalize miaka mingi bila kukutana na homa ya kupe. Mbwa aliyekuwa akibweka usiku kucha anakutwa asubuhi amejilaza, haligusi bakuli la chakula, fizi zake zimepauka, na pengine damu inamtoka puani ingawa hakuumizwa na kitu. Hatua inayofuata mara nyingi si kumpeleka kwa daktari wa mifugo bali kwenda duka la dawa lililo karibu, kwa sababu jirani amekwisha kusema kwamba dawa ya homa hiyo ni doksisaiklini, ambayo ni antibiotiki, yaani dawa ya bakteria, na doksisaiklini ni dawa ya bei nafuu inayopatikana karibu kila mtaa. Jirani huyo hakukosea kabisa, na ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu. Dawa ni sahihi kwa ugonjwa fulani mahususi, lakini namna inavyotolewa majumbani ndiyo inayoamua kama mnyama atapona, atapata nafuu ya muda tu, au ataumizwa na kile kile kilichokusudiwa kumponya.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana makosa mengi huzaliwa hapo. Kupe wa kahawia wa mbwa, ambaye wataalamu humwita Rhipicephalus sanguineus, hujificha katika nyufa za kuta na za banda, na hueneza bakteria anayeitwa Ehrlichia canis. Bakteria huyu, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza nchini Algeria mwaka 1935, hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu na kusababisha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zipungue sana. Huyo ndiye anayeuawa na doksisaiklini. Kupe hueneza pia Babesia, ambaye si bakteria hata kidogo. Ni kimelea cha jamii ya protozoa, anayevunja chembe nyekundu, na tiba yake ya kawaida ni sindano ya imidokabu au dawa nyingine ya aina yake. Kwa macho ya mwenye mbwa magonjwa haya mawili hufanana mno: homa, fizi nyeupe, kukosa hamu ya kula, uchovu. Mkojo wenye rangi ya chai nzito huelekeza zaidi kwa Babesia, na damu ya puani au madoa mekundu tumboni huelekeza zaidi kwa Ehrlichia, lakini mbwa mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo kipimo cha damu ndicho kinga ya kwanza ya mnyama dhidi ya dawa isiyomfaa. Tone la damu likipakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa hadubini, Babesia mara nyingi huonekana. Ehrlichia huonekana kwa nadra, na hivyo daktari huhesabu chembe sahani na, inapowezekana, hupima kingamwili, yaani protini za ulinzi ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria huyo. Najua kwamba gharama ya vipimo huweza kuzidi bei ya dawa mara kadhaa, na najua jinsi inavyokuwa vigumu kuitetea gharama hiyo nyumbani pale ambapo ada za shule zinasubiri. Hata hivyo, ningepewa kuchagua kimoja cha kulipia kwa uzito, ningechagua kipimo. Mbwa mwenye Babesia pekee akipewa doksisaiklini kwa siku tatu huku tukisubiri apate nafuu, siku hizo ndizo zilizokuwa za kumwokoa.

Daktari akishathibitisha, jambo la pili ni uzito. Dozi inayotumiwa na madaktari wengi kwa ugonjwa huu ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kwa siku, ama kwa mara moja au kwa kugawa miligramu 5 kwa kila kilo asubuhi na nyingine jioni, kwa siku 28. Kukisia uzito wa mbwa kwa macho ni jambo la hatari, hasa mbwa mwenye manyoya mengi au aliyekonda kwa ugonjwa. Simama juu ya mzani wa kawaida ukiwa umembeba, kisha pima uzito wako peke yako na utoe. Kapsuli zinazouzwa kwa ajili ya binadamu huwa na miligramu 100, hivyo mbwa wa kilo 20 anahitaji mbili kwa siku, jambo ambalo ni rahisi. Ugumu uko kwa mbwa wa kilo 5, anayehitaji nusu. Baadhi ya watu hufungua kapsuli na kunyunyiza unga kwenye chakula. Unga huo ni mchungu, huunguza utando wa kinywa, na hakuna awezaye kuugawa sawasawa kwa kijiko. Mweleze daktari kwamba mnyama wako ni mdogo ili akuandikie vidonge vinavyogawanyika au dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kipimo chake.

Hapa sina budi kuitaja chupa ya ng'ombe. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20, ambayo wafugaji wengi wanayo, ni ndugu wa doksisaiklini, na kwa sababu hiyo baadhi ya watu huona haina tofauti kumchoma mbwa sindano moja ya dawa hiyo kuliko kuhangaika na vidonge kwa wiki nne. Tofauti ipo. Kila mililita ya dawa hiyo ina miligramu 200, kwa hiyo kukosea nusu mililita tu, kosa ambalo kwa ng'ombe wa kilo 300 halionekani, kwa mbwa mdogo ni miligramu 100 za ziada. Imetengenezwa ibaki kwenye msuli kwa siku kadhaa, huuma sana na inaweza kuacha uvimbe, na zaidi ya hayo sindano moja haitoshi kumaliza bakteria aliyejificha ndani ya chembe za damu.

Namna ya kumezesha inastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Doksisaiklini inayopatikana kwa wingi ni ile ya chumvi ya haikleti, ambayo ikiyeyuka mahali pamoja huwa na tindikali kali. Ikikwama kwenye umio badala ya kufika tumboni, huunguza ukuta wa umio. Mbwa akipewa pamoja na chakula kwa kawaida huwa salama: ficha kapsuli ndani ya kipande cha ini au ndani ya tonge la ugali lililochovywa mchuzi wa dagaa, mpe kwanza tonge tupu, kisha lenye dawa, kisha jingine tupu, na umwache anywe maji. Tofauti na dawa za zamani za jamii yake, doksisaiklini haipungui nguvu sana kwa sababu ya chakula, na chakula humpunguzia kichefuchefu.

Paka ni habari nyingine, na katika nyumba nyingi za pwani paka ndiye anayeishi ndani na watu. Paka hupewa doksisaiklini hasa kwa maambukizi ya macho yanayosababishwa na Chlamydia felis, ambapo macho huvimba, huwa mekundu na kutoa tongotongo, na matibabu yake pia huchukua takriban wiki nne. (Macho mekundu pamoja na chafya nyingi yanaweza kuwa ni ya virusi, na huko doksisaiklini haiwezi kuviua.) Umio wa paka hukipitisha kidonge kikavu polepole sana, majaribio yaliyofuatilia vidonge kwa mionzi yameonyesha kwamba kidonge alichomezeshwa paka bila maji mara nyingi huwa bado kimekaa kwenye umio dakika tano baadaye. Kidonge cha doksisaiklini kikikaa hapo huacha kidonda, kidonda kikipona huacha kovu, na kovu huufanya umio uwe mwembamba kiasi kwamba paka hawezi tena kupitisha chakula kigumu. Dalili zake huweza kuchelewa kwa siku au hata wiki: paka anatokwa na udenda, anasogelea chakula kwa hamu kisha anakirudisha mara tu baada ya kumeza, anakonda huku akiwa na njaa. Kuupanua umio uliokwisha kuziba ni kazi ya vifaa maalumu ambavyo zahanati nyingi za wanyama hazina.

Kinga yake ni maji. Mshike paka kichwa kwa juu, kiganja kikiwa nyuma ya mashavu, inua pua kidogo, fungua taya la chini kwa kidole cha mkono wa pili, weka kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo na umpapase koo hadi uone amemeza. Kisha chukua bomba la sindano lisilo na sindano, lipitishe pembeni ya mdomo nyuma ya chonge, na umpe mililita 6 za maji kidogo kidogo, ukimwachia nafasi ya kumeza ili yasiingie kwenye mapafu. Asiyependa maji anaweza kupewa kijiko cha chakula laini papo hapo, na wapo wanaofanya yote mawili. Kumpaka siagi kidogo puani ili ajirambe na kumeza mate ni ziada nzuri, lakini haichukui nafasi ya maji. Iwapo unaweza kupata doksisaiklini ya monohaidreti au ya maji, ambayo tindikali yake ni ndogo, mwombe daktari aikubali.

Kuna jambo ambalo limeenea sana kwetu na husababisha dawa ishindwe kimya kimya. Mbwa mwenye homa ya kupe hupungukiwa damu, na mwenye mbwa kwa nia njema humnunulia dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma, akampa pamoja na doksisaiklini. Chuma huishika doksisaiklini na kuizuia isinyonywe na utumbo, na hata vikitenganishwa kwa saa chache bado chuma kinaweza kupunguza kiwango cha dawa mwilini. Dawa za kutuliza asidi ya tumbo zenye magnesiamu au alumini hufanya vivyo hivyo. Mwambie daktari kila kitu unachompa mnyama, hata kile unachokiona kuwa ni lishe tu, na umwachie aamue kama chuma kinahitajika na kitolewe lini.

Sasa siku 28. Mbwa mwenye Ehrlichia katika hatua ya mwanzo mara nyingi huanza kuchangamka ndani ya saa 24 hadi 48, na hapo ndipo matibabu mengi huishia. Ugonjwa huu, usipotibiwa hadi mwisho, unaweza kuingia hatua ya kimya ambayo mbwa huonekana mzima kwa miezi au hata miaka, ilhali bakteria bado wapo. Baadhi yao hufikia hatua ya tatu, ambayo uboho hushindwa kutengeneza damu, na mbwa aliyefika huko ni vigumu sana kumrudisha. Nasisitiza hili kwa kuwa muda wa tiba hutegemea ugonjwa: kwa maambukizi mepesi ya kibofu cha mkojo kwa mbwa, miongozo ya sasa ya kimataifa inataja siku 3 hadi 5 tu za antibiotiki inayofaa. Kumpa mnyama dawa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika huwapa bakteria wengine mwilini mwake nafasi ya kuwa sugu, na bakteria hao tunaishi nao nyumba moja. Muda aliokuandikia daktari ufuatwe, usipunguzwe wala usiongezwe.

Ukisahau dozi, mpe unapokumbuka, isipokuwa kama muda wa inayofuata umekaribia. Katika hali hiyo iache na uendelee, bila kurudufisha. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, usimpe nyingine kabla ya kuzungumza na daktari. Uso ukivimba, ngozi ikatoka vipele vya ghafla au akapumua kwa shida, acha dawa na uende hospitali saa hiyo hiyo. Mbwa au paka mwenye mimba, na watoto wao wadogo, ni lazima daktari awajue mapema, kwa sababu dawa za jamii hii huweza kubadilisha rangi ya meno yanayoota.

Kapsuli zilizobaki zisitunzwe kwa ajili ya mnyama mwingine. Doksisaiklini iliyopitwa na wakati au iliyokaa kwenye joto na unyevu si ya kumpa mnyama yeyote, kwani dawa za jamii ya tetrasaiklini zilizoharibika zimewahi kuumiza figo za watu. Na antibiotiki iliyomfaa mbwa haimfai kila mnyama: enrofloksasini ikizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku inaweza kumpofusha paka, na amoksilini ya kunywa inaweza kumuua sungura au simbilisi kwa kuvuruga bakteria wa utumbo wake. Homa isitulizwe kwa parasetamoli: kwa paka, kidonge kimoja chaweza kuua.

Baada ya wiki nne, mrudishe mbwa akahesabiwe chembe sahani, hata kama anarukaruka uani. Kipimo cha kingamwili hakifai kwa kazi hiyo, kwa sababu kingamwili huweza kubaki kwenye damu kwa miezi mingi baada ya bakteria kwisha, na nimeona mbwa waliopona wakianzishiwa doksisaiklini upya kwa sababu tu karatasi ya maabara imeandikwa kuwa wana maambukizi. Chembe sahani zikiwa zimerudi katika kiwango chake na mbwa anakula, tiba imekwisha. Zikishuka tena baada ya wiki kadhaa, daktari atataka kujua kwanza kama kupe bado wapo bandani, kwa kuwa ugonjwa huu haumwachii mbwa kinga ya kudumu na kupe mmoja anaweza kumwambukiza upya.