Daftari la Kamati na Gemu Ninayoisubiri

Jumapili, saa nne usiku

Leo nimetuma hesabu za kamati kwenye kundi la WhatsApp, na mikono ilikuwa inatetemeka.

Ni mwezi wa pili sasa nikiwa mweka hazina wa harusi ya binamu yangu. Ahadi zimefika milioni 14 na ushee, lakini zilizoingia mkononi ni milioni 9. Mpambaji amepandisha bei, ukumbi wanataka nusu iliyobaki kabla ya Ijumaa, na mimi kwa siku 11 nilikuwa kimya. Sijala hela ya mtu. Kila shilingi imo kwenye daftari, na risiti nimezibana kwa pini nyuma ya jalada. Nilikaa kimya kwa sababu kila nikishika simu niandike, naona sentensi ya kwanza ni mbaya, basi naiweka chini na kusema kesho nitakuwa na habari nzuri zaidi ya kuwaambia.

Jana Shangazi akanipigia. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza habari za watoto, kisha taratibu kabisa: "Mwanangu, ile laki yangu umeiandika?"

Hakuongeza neno. Nikamwambia nimeiandika, na nikaenda kuhakikisha ingawa nilijua ipo. Ipo, mstari wa 23, kwa wino wa bluu. Tangu hapo swali lake halijaniacha, kwa sababu kuna watu wa mbali ambao mimi pia niliwahi kuwauliza swali hilohilo, na sikuwauliza kwa upole wa Shangazi.

Mwaka 2014 nilichangia gemu. Dola 25, ambazo wakati ule zilikuwa shilingi 40,000 na kidogo juu yake. Walikuwa watu wachache huko Ulaya, wanatengeneza gemu ya visa na mafumbo, zile unazobofya kitu, unaokota kamba hapa na ufunguo kule, unazungumza na kila mtu mpaka mlango ufunguke. Nimekua nazo. Kompyuta ya mjomba haikuweza kubeba gemu nzito za magari na mpira, lakini hizi ilizibeba, na nilizicheza na kamusi mapajani. Kwa hiyo nilipoona michoro yao, mnara wa taa, mzee na paka wake, sikufikiri mara mbili. Gemu ingetoka mwisho wa 2015. Mwaka wa kwanza taarifa zilikuja kila mwezi. Mwaka wa pili zikapungua. Baada ya 2017 hakuna kitu. Mwaka 2018 niliwaandikia ujumbe nikawaita wezi, neno ambalo nyumbani kwetu halitamkwi hovyo, na sikujibiwa.

Hasira yangu wakati ule ilikuwa imeshapata mafuta ya mahali pengine, maana nilikuwa nimefuatilia mkasa wa Broken Age, gemu nyingine iliyotengenezwa kwa michango ya watu, kwa karibu kuliko jambo lolote la gemu maishani mwangu.

Nisimulie, kwa sababu wengi wanaukumbuka nusu nusu. Februari 2012, Tim Schafer na kampuni yake ya Double Fine ya San Francisco walitangaza kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, kwamba wanataka kutengeneza gemu ya mafumbo ya kizamani. Huyu ndiye aliyeongoza Grim Fandango ya mwaka 1998, na alisema wazi kwamba akienda kwa wachapishaji, zile kampuni zinazogharamia na kuuza gemu, na wazo kama hilo watamcheka. Aliomba dola 400,000: laki tatu za gemu, laki moja za filamu ambayo kikundi cha 2 Player Productions kingepiga kuonyesha kazi nzima tangu mwanzo hadi mwisho. Ukitoa dola 15 unapata vyote viwili. Gemu ingekuwa tayari Oktoba ya mwaka huohuo.

Laki nne zilipatikana ndani ya saa chache tu. Ndani ya saa 24 wakavuka milioni moja. Dirisha lilipofungwa Machi, watu 87,142 walikuwa wametoa dola milioni 3.3.

Sisi wa kamati tunajua kinachotokea hapo. Ukipanga harusi ya milioni nane zikaja ishirini, hakuna atakayekubali ule ukumbi wa kwanza. Wachangiaji wenyewe hawatakubali. Aliyetoa kidogo kwa ajili ya gemu ndogo sasa anaisubiri gemu ya milioni tatu, na aliyeomba kidogo anaona aibu kuleta kidogo. Schafer akachora gemu kubwa. Wahusika wawili, dunia mbili, waigizaji wa sauti wenye majina, muziki wa Peter McConnell uliopigwa na okestra ya Melbourne.

Na pesa ile haikuwa nyingi kama ilivyosikika. Toa asilimia 5 ya Kickstarter, toa ada za malipo ya kadi, toa filamu, toa fulana na mabango ya waliochangia zaidi. Studio za Marekani zilizoea kukadiria dola 10,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi, ukijumlisha mshahara, pango na bima. Watu kumi ni laki moja kila mwezi. Hata milioni 3.3 zote zingeingia mfukoni bila kuguswa, watu kumi wangezimaliza chini ya miaka mitatu, na gemu ile ilihitaji zaidi ya watu kumi. Hesabu hii nimeifanya leo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la harusi. Mwaka 2013 sikuifanya. Mwaka 2013 nilikuwa naona tu namba kubwa.

Julai 2013 Schafer aliwaandikia wachangiaji kwamba amebuni gemu kubwa kuliko fedha zilizopo. Wangeigawa vipande viwili, waanze kuuza nusu ya kwanza Januari, na mapato yake yamalizie nusu ya pili. Moto ukawaka. Watu walisema wameibiwa, wamedanganywa, wanataka pesa zao.

Mimi nilikuwa upande wa wenye hasira. Leo niko upande gani? Kuhusu kuigawa gemu, naona walifanya jambo sahihi. Kulikuwa na njia mbili: kuikatakata mpaka itoshe, au kutafuta pesa nyingine, na hawakumwomba mchangiaji hata senti ya pili. Lakini kuna jambo moja ambalo bado nawapa haki waliokasirika. Mwishoni mwa Mei mwaka huohuo, kampuni hiyohiyo ilifungua mchango mwingine kwa ajili ya gemu nyingine, Massive Chalice. Timu ilikuwa tofauti, bajeti tofauti, naelewa. Lakini majuma machache baadaye ndipo watu wakaambiwa kwamba mchango wa kwanza hautoshi. Ni kama kupitisha kadi za harusi ya pili wakati ya kwanza haijapata ukumbi. Hata kama daftari ni tofauti, aliyetoa laki yake lazima ashtuke.

Ninachojiuliza zaidi ni kwa nini hasira ilikuwa kali namna ile wakati wale watu hawakuficha kitu. Filamu ilikuwa inawafikia wachangiaji sehemu kwa sehemu, jumla sehemu 20, na baadaye ikawekwa YouTube bure kwa kila mtu. Unawaona wamekaa mezani wanahesabu miezi na mishahara. Unamwona mtu anaambiwa kwamba kitu alichokichora kwa mapenzi hakina nafasi kwenye ratiba. Sijui kamati gani duniani imewahi kuwafungulia wachangiaji mlango kiasi hicho.

Nadhani ni kwa sababu wengi wetu hatukuwa tumeamua sisi ni nani. Mnunuzi anadai bidhaa. Mwekezaji anadai faida. Mchangiaji anadai hesabu. Kickstarter wenyewe, Septemba 2012, ilibidi watangaze kwamba wao si duka. Kiswahili kilishatupa maneno haya siku nyingi: mtu anaahidi, anakamilisha ahadi, anaandikwa. Na kwenye Kickstarter ni ahadi kweli, kadi yako haikatwi mpaka lengo litimie na muda uishe. Mimi niliyezaliwa ndani ya maneno hayo nilitoa mchango halafu nikadai kama mnunuzi. Wale wa Ulaya sikuwahi kuwauliza kwa adabu pesa zimekwenda wapi. Nilidai gemu yangu tu.

Nusu ya kwanza ilitoka Januari 2014. Nusu ya pili tarehe 28 Aprili 2015, miaka miwili na nusu baada ya ile Oktoba. Walalamikaji wa kwanza walisema mafumbo ni mepesi mno, basi nusu ya pili ikaja na mafumbo magumu, ya nyaya za roboti ndogo unazozipanga upya na upya, na wengine wakalalamika kwamba yamezidi. Wapo waliosubiri miezi 15 katikati ya kisa wakawa wameshasahau walichokiona mwanzo.

Mimi niliicheza mfululizo mwaka 2016, usiku, umeme ulipokuwa umetulia, na niliipenda kuliko nilivyotaka kuipenda. Kuna msichana, Vella, wa kijiji cha waoka keki, amevikwa gauni kama keki ili zimwi lije limchague, na karibu familia yake yote imefurahi kwamba amepewa heshima hiyo. Yeye ndiye anayeuliza kwa nini wasipigane na zimwi. Sauti yake ni ya mwigizaji Masasa Moyo, na nilipoliona jina lile mwishoni, Moyo, nililisoma kwa sauti peke yangu chumbani. Halafu kuna Shay, mvulana ndani ya chombo cha anga, analishwa asubuhi na kijiko kinachozungumza, analelewa na kompyuta inayomwita mwanangu, anapelekwa kuokoa wanasesere wa nyuzi za sufu waliofukiwa na aiskrimu. Hakuna hatari ya kweli popote. Kila kitu kimelainishwa asije akaumia. Nilimhurumia sana yule mtoto. Kuna namna ya kumlinda mtu na habari mbaya inayomfungia chumbani, na mimi kwa siku 11 nimewafanyia hivyo watu 60 wa kundi letu.

Sasa najua ukimya ule unavyotoka. Inawezekana wale vijana wa mnara wa taa walikula pesa. Lakini pia inawezekana mmoja wao alikuwa anafungua ukurasa kila jioni, anaandika sentensi ya kwanza, anaifuta, anasema kesho. Hilo haliwaondolei deni. Shangazi alikuwa na haki ya kunipigia, na angenipigia siku ya tatu badala ya kumi na moja ningekuwa nimelala vizuri zaidi.

Leo saa kumi nimetuma picha ya kurasa nne za daftari, zilizoingia na zilizotoka, pamoja na mpambaji na bei yake mpya. Mjomba mmoja ameuliza kwa nini hatukutafuta mpambaji mwingine, na ana haki. Watu wanne wamekamilisha ahadi zao jioni hiihii. Shangazi ameandika: "Nimeona, mwanangu."

Baada ya hapo nimetafuta anwani ya wale watu wa Ulaya. Nimewaomba radhi kwa neno nililowaita. Nimewaandikia kwamba sidai gemu tena, naomba tu waniambie ilifika wapi na fedha ziliishia wapi, hata kama ni mistari mitano, na kama ile michoro ya mnara bado wanayo ningependa kuiona. Nimetuma saa tatu na nusu. Simu imelia sasa hivi, nikadhani ni wao. Ni katibu, anauliza kama bei ya ukumbi ni pamoja na jenereta.