Kosa la Pamoja

Katika semina moja ya chuo, mhadhiri wetu alitandaza mezani nakala tano za wosia mmoja wa zamani. Zote zilikuwa za mkono, hazina tarehe wala jina la mnakili. Alitaka tujue ipi ilinakiliwa kutoka ipi.

Kifungu kimoja kilikuwa kwenye nakala mbili tu. Mwenzetu akasema basi tufuate zile tatu, ndizo nyingi. Mhadhiri akamkatiza: "Nakala tatu zilizotoka kwenye nakala moja mbovu ni shahidi mmoja, si watatu."

Tukazipa herufi, A hadi E, tukachora jedwali: safu kwa kila nakala, mstari kwa kila tofauti. Tofauti za tahajia tuliziweka kando, kwani wanakili wasiojuana huweza kuangukia tahajia ileile. Hata kuafikiana katika lililo sahihi hakuthibitishi undugu, maana kila mmoja aweza kulipata kwenye nakala ya asili. Kinachothibitisha undugu ni kosa la pamoja, tena lisiloweza kutokea mara mbili kwa bahati.

B, C na D zilikosa maneno yaleyale, yaliyompa binti mkubwa shamba. Katika A na E, sentensi ya kabla ya shamba na ile ya shamba zote ziliishia na "mbele ya mashahidi". Mnakili alimaliza ya kwanza, na aliporudisha jicho likatua mwisho wa ya pili. D nayo ilikuwa na pengo lake, na tulipolipima kwa rula, maneno yaliyopotea yalikuwa mstari mmoja kamili wa C, mwanzo hadi mwisho. D ilinakiliwa kutoka C, kwa hiyo tukaiondoa. B na C kila moja ilikuwa na makosa yasiyo kwa mwenzake, basi zilizaliwa na nakala moja iliyopotea. Kwa kura nyingi binti angenyang'anywa shamba lake.

Karl Lachmann, msomi Mjerumani, katika toleo lake la shairi la Lucretius, mshairi wa Roma ya kale, la mwaka 1850, alitumia ushahidi wa namna hii kukadiria hata idadi ya mistari katika kila ukurasa wa nakala iliyopotea: 26. Mwaka 1998 watafiti walitumia programu za kuchora ukoo wa viumbe kupanga miswada 58 ya sehemu ya kazi ya Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14. Wanaosema kozi kama hii ya kulinganisha nakala za kale ni ya kupoteza muda hawajawahi kukaa mbele ya jedwali kama lile. Na bila kusomea lugha ya enzi husika huwezi kulijaza, kwa sababu hutajua lipi ni kosa na lipi ni sarufi ya kale.

Mwishoni mhadhiri alitupatia nakala ya sita. Ilikuwa na makosa yote ya C, lakini kifungu cha shamba kilikuwamo, pembeni, kwa wino mwingine: mtu aliilinganisha na nakala ya ukoo mwingine. Nakala iliyochanganywa hivyo haikai kwenye tawi moja. Maandishi ya ndani tuliyasoma kama ya ukoo wa C, na ya pembeni tukayaandikia safu yake peke yake.